Ukurasa wa Ishirini na Tatu

Mgeni aliingia bila kubisha, akasimama katikati ya chumba chetu, akavua miwani myeusi. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba kabisa kwa uvimbe. Mdomo wa juu ulikuwa umetuna hata maneno yakawa yanapita kwa taabu, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya mpira vilivyokaukiwa na matope, na mkononi alishika kijitabu cha jalada la njano ambacho nilikitambua mara moja.

"Nani hapa alikisoma hiki kabla hakijachapwa?" aliuliza.

"Sisi, mama," alijibu Mzee Mkato. "Karibu uketi, mkato, na pole sana kwa yaliyokupata, nukta."

Yule mama alimtazama kwa lile jicho moja, kisha akanigeukia. "Huyu naye ana nini?"

"Ndivyo anavyoongea," nikasema. "Usimjali."

Ndivyo alivyoongea kweli, na kazi ndiyo iliyomfanya hivyo. Kiwanda chetu kinachapa vitabu vya shule, miongozo ya wakulima, na chochote kinacholetwa na mwenye haraka. Kabla kitabu hakijapanda mashineni hupita kwenye chumba cha wasomaji: meza moja, viti viwili vinavyotazamana, dirisha la uani. Mmoja anasoma kwa sauti kile alichoandika mwandishi, neno kwa neno pamoja na alama zote, mkato, nukta, aya mpya. Mwenzake anafuata kwa penseli kwenye prufu, yaani zile karatasi za majaribio zinazotoka kwa mpangaji wa kurasa. Kilichoachwa, kilichorudiwa, kilichogeuzwa, anayefuata ndiye wa kukikamata. Akimaliza ukurasa anatia saini pembeni chini. Mzee alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja, na alama zilikuwa zimemwingia hadi kwenye salamu. Mimi nilikuwa na miezi mitano na siku kadhaa. Alinipachika jina la Herufi Ndogo kwa ajili ya kimo changu, na kiwanda kizima kikalipokea bila kuniuliza.

"Fungua ukurasa wa ishirini na tatu," alisema mgeni. "Wewe binti, soma hapo chini."

Nikasoma. "Washa bomba la moshi. Simama nyuma ya mzinga, si mbele ya mlango wake. Kisha inua kifuniko taratibu."

"Simama hapohapo! Mimi nilifanya hivyo hivyo. Nikawasha bomba, nikasimama nyuma, nikainua taratibu kama ninavyofunua mtoto aliyelala. Bomba liko pembeni linafuka, mimi nimeshika kitabu, nangoja kiniambie moshi wenyewe niufanyie nini."

Mzee aliuma midomo. "Na wavu wa usoni, mama?"

"Ulikuwa juu ya kofia. Kitabu hakikusema niushushe."

Tungecheka, naye nadhani angecheka pamoja nasi, kama si ule uso. Alisema katika kikundi chao wako wanawake ishirini na watatu, wote wamegawiwa kijitabu hicho, na Jumamosi wote watafungua mizinga yao ya nyuki kwa mara ya kwanza. "Mimi nilitangulia kwa kiherehere changu. Wenzangu wakinifuata Jumamosi, kuna mmoja ana mimba."

Nilipanda ngazi mbio kumwita Meneja. Meneja wetu ni mama asiyepandisha sauti, akikasirika huishusha. Aliagiza mswada uletwe, na tukaukuta mstari wenyewe umeandikwa wazi kwa mkono wa mwandishi: *Shusha wavu usoni, puliza moshi mlangoni mara tatu, na usubiri nyuki watulie.* Kisha ikaletwa prufu. Mstari haukuwamo. Mpangaji aliuruka, jambo la kawaida, na ndiyo sababu sisi tupo. Chini ya ukurasa palikuwa na saini ya Mzee Mkato.

"Mzee," alisema Meneja, kwa sauti ya chini kabisa. "Hii saini ni yako?"

"Ni yangu."

"Mstari mzima?"

"Macho, mama. Yamechoka."

Hakutaja mkato wala nukta. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema maneno matupu.

Nilinyamaza. Baada ya chai Mzee ndiye husoma na mimi ndiye hufuata, kila siku, kwa sababu mchana macho yake huanza kuwasha. Ukurasa wa ishirini na tatu tuliufanya baada ya chai. Aliyefuata nilikuwa mimi.

Meneja aliamua palepale. Kuchapa upya kabla ya Jumamosi haiwezekani. Mstari uchapwe kwenye vipande vya karatasi na kubandikwa kwa mkono katika kila nakala iliyomo stoo, na mgeni aje Alhamisi kuchukua nakala za kikundi chake. Kuhusu Mzee, ambaye alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu, kuanzia wiki ijayo ahamie stoo kuhesabu maboksi.

"Sikufukuzi," alimwambia. "Ila prufu usiguse tena."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaanza kukusanya penseli zake.

*

Nina kifafa. Si kile cha kuanguka ambacho watu wanakijua na kukikimbia. Changu ni cha kutoka. Naweza kuwa nimekaa, macho wazi, kikombe mkononi, na kwa sekunde tano au kumi sipo. Kisha narudi, na dunia imesogea kidogo bila mimi. Sianguki, sitetemeki, sisikii maumivu. Natambua tu kwamba mtu ameshafika mwisho wa sentensi ambayo mwanzo wake sikuusikia.

Nina vidonge, viwili asubuhi na viwili jioni. Vinasaidia, mradi daktari anione kila baada ya miezi miwili apime na kurekebisha. Tangu nianze kazi nilikuwa nimekosa miadi miwili. Kliniki ni asubuhi za siku za kazi, na kuomba ruhusa ni lazima useme unakwenda wapi.

Jioni ile, jua likiwa bado ukutani, nilimkuta mama kibarazani anafumua pindo la gauni la mteja. Mama ni mshonaji. Nilimweleza yote. Alisikiliza huku anavuta nyuzi moja moja.

"Siku ngapi zimebaki upate barua ya kuthibitishwa?"

"Kumi na tisa."

"Kumi na tisa, mwanangu. Ukishaishika ile barua, watangazie hata kwa kipaza sauti. Kabla ya hapo, wakikutoa hawana la kujibu."

"Na Mzee je?"

Alitua mkasi. "Unakumbuka darasa la sita?"

Ningesahauje? Siku mwalimu alipoambiwa, dawati langu lilisogezwa hadi mlangoni, peke yake, eti niwe karibu na hewa. Nilikaa pale wiki mbili nikiona mgongo wa kila mtu. Mama alikuja na tepu yake ya kupimia bado shingoni, akalinyanyua lile dawati mwenyewe, akalirudisha katikati ya mengine bila kumwomba mtu ruhusa.

"Huko kazini sitaweza kuja kukunyanyulia dawati," alisema. "Sikukatazi kusema. Nakuomba tu uchague siku."

Nilimsaidia kufumua upande wa pili.

*

Kesho yake saa ya chakula nilimkuta Mzee peke yake uani, amekaa juu ya kreti, anakula mkate wake polepole.

"Mzee, ukurasa ule niliufuata mimi."

"Najua, mkato, Herufi. Nilikuwepo."

"Kwa nini saini ni yako?"

"Ulisahau kuitia. Nikaona karatasi itarudishwa kutoka juu kwa ajili ya saini tu, nikaitia mimi. Nani angedhani?" Alipangusa makombo magotini. "Mimi nimebakiza miezi mitatu. Wewe umebakiza miaka thelathini. Hesabu hiyo hata mtoto anaiweza."

Nikapiga moyo konde. Nikamwambia. Maneno yalitoka ovyo, nikaanzia katikati, nikarudi nyuma, na neno lenyewe nikalisema kwa sauti ndogo hata akainama kulisikia. Nilipomaliza aliuweka mkate wake kando.

"Kumbe lina jina," alisema mwishoni.

"Nini?"

"Hilo linalokuchukua. Mimi nililiona mwezi wako wa pili. Penseli inasimama. Unaitazama karatasi lakini huitazami. Nikasema vijana wana mawazo mengi, pengine huyu ameachwa na mchumba, nisimwaibishe." Alicheka kidogo. "Basi penseli ikisimama, nangoja. Ikianza kwenda, narudi nyuma mstari mmoja, nausoma tena."

Nilimtazama. Nilikumbuka ni mara ngapi alikuwa amerudia mstari, na jinsi nilivyomwonea huruma kwa uzee. Nilikuwa nimemwambia mama nyumbani kwamba Mzee anasahau alikofika.

"Siku ile sikuiona penseli," alisema. "Nilikuwa nimeinamisha kichwa, kikaratasi cha mswada kina doa la wino, nahangaika nacho. Kwa hiyo kosa ni letu sote wawili, na doa."

Machozi yalinitoka nikayafuta kwa kiwiko. Miezi yote ile nilidhani nimeibeba siri yangu peke yangu bila kumlemea mtu. Kumbe kulikuwa na mwingine ameshika upande wa pili wa mzigo, na hata hakujua ndani mna nini.

"Nitawaambia," nikasema.

"Usiwaambie kwa ajili yangu. Stoo pana kivuli kizuri."

"Unachukia stoo."

"Naichukia, alama ya mshangao. Lakini hilo ni langu. Lako ni lako. Siku utakayosema, sema kwa sababu wewe umechoka kunyamaza."

*

Jumatano kiwanda kizima kilikaa kwenye meza ndefu ya kutilia vitabu majalada kubandika vipande. Mama Gundi, msimamizi wa majalada, alitugawia brashi kama mwalimu wa chekechea. Upande mmoja alikaa fundi wa mashine, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Upande wangu alikaa mpangaji wa kurasa, dada anayepiga herufi haraka hivi kwamba wote wanamwita Kasi. Mzee alikaa mwisho wa meza.

"Mzee, angalia gundi hiyo," alianza fundi. "Usije ukabandika kidole ukurasa wa ishirini na tatu."

"Nikikibandika, mkato, utakuja kukisoma wewe, nukta."

Meza ikacheka.

"Lakini kweli, Mzee! Mstari wa maneno kumi na mawili? Bibi yangu haoni hata mlango, ila huo angeupapasa tu akaujua."

"Mwacheni baba wa watu," alisema Mama Gundi, naye anacheka. "Macho ni kama viatu, yanaisha soli. Mzee, stoo tutakuandikia maboksi kwa herufi kubwa kubwa, usiwe na wasiwasi."

Mzee alicheka pamoja nao. Alicheka vizuri, kichwa nyuma, kama mtu anayefurahia mzaha. Kicheko kile ndicho kilichonimaliza. Kama angekasirika ningeweza kungoja zile siku kumi na saba.

"Hakuwa yeye," nikasema.

Hawakunisikia. Nikaweka brashi chini.

"Jamani. Ukurasa ule aliyeufuata ni mimi. Mzee alitia saini kwa kunisaidia."

Kicheko kilikatika. Kasi alinigeukia. "Wewe? Ulisinzia?"

Alikuwa amenifungulia mlango kwa wema, na mlango ulikuwa mpana. Kila mtu anasinzia. Wangenitania wiki moja, Mzee angerudi kitini, na siku zangu zingeendelea kuhesabika. Nilimwona Mzee akinitazama.

"Hapana. Sikusinzia. Nina kifafa."

Mama Gundi alinyoosha mkono, akakiondoa kisu cha kukatia karatasi kilichokuwa mbele yangu, akakisukuma hadi mwisho wa meza. Alifanya haraka, bila kufikiri, kama unavyokiondoa mbele ya mtoto anayetambaa. Nilihisi dawati langu likiburutwa tena kwenda mlangoni.

Lakini nilikuwa nimeshaanza, na kurudi nyuma kungekuwa aibu kuliko kwenda mbele. Nikawaeleza. Nikasema kuhusu sekunde kumi, vidonge, penseli inayosimama. Nikasema sianguki, na hata ningeanguka si kitu cha kumshika mtu mwingine.

"Hakiambukizi?" aliuliza fundi, safari hii bila utani.

"Hakiambukizi. Hata ukila na mimi sahani moja."

"Sahani moja na wewe sitaki, unakula kama moto wa nyikani." Kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Sasa ukitoka, sisi tufanye nini?"

Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Ilibidi nilifikirie.

"Hakuna kikubwa. Msinitingishe, msiniite kwa kelele. Ningojeni. Nikirudi, niambieni tulifika wapi."

"Basi tu?"

"Basi tu."

"Siku ile," alisema Kasi taratibu, "uliponiuliza swali lilelile mara mbili, nikakuambia una dharau, husikilizi. Nilikununia siku tatu."

"Nne."

"Nne, haya. Na huu mstari wenyewe niliuruka mimi. Mnamcheka Mzee tangu asubuhi, aliyeuruka yuko hapa anabandika gundi, kimya kama maji mtungini." Alichovya brashi yake kwa hasira. "Nicheke na mimi basi."

Hakuna aliyecheka. Mama Gundi aliinuka, akaenda hadi mwisho wa meza, akakichukua kile kisu, akakileta na kukiweka mbele yangu pamoja na rundo la vipande ambavyo havijakatwa.

"Kata wewe hivi," alisema, hanitazami. "Mkono wangu umechoka."

Nikakata. Vipande vya mwanzo vilitoka kombo, na yeye alivipokea hivyohivyo, akavipaka gundi.

Nilipoinua macho, Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa pale tangu lini.

*

Ofisini kwake aliniketisha, akafunga mlango.

"Ungeniambia siku ya kwanza, ningekuajiri?" Alikuwa anajiuliza mwenyewe. "Sijui. Ningependa kukuambia ndiyo. Sijui."

Nilimheshimu kwa jibu hilo kuliko kama angenidanganya.

Alisema Mzee atabaki kitini, na kuanzia kesho yeye atafuata na mimi nitasoma tu, asubuhi na mchana. Sauti ikisimama mwenzangu atajua. Alisema asubuhi za kliniki niende, nisiulizwe. Kuhusu barua, itangoja.

"Nimekwisha kuona mama wa watu na uso ule," alisema. "Siwezi kujifanya sikuuona. Ukishamwona daktari na kurekebishiwa dawa, tuhesabu siku tisini." Alitoa karatasi nyeupe kwenye droo, akaandika jina langu juu. "Kila ukitoka, hata sekunde tatu, andika hapa tarehe na saa, uniletee. Siku tisini zikipita bila kitu, unarudi kufuata na barua naitia saini. Ukiandika, tunaanza tena na moja."

"Nani atakuwa anakagua?"

"Hakuna. Utakaa nayo wewe. Ndiyo maana nakuuliza kama utaandika."

"Nitaandika."

"Hata kama hakuna aliyeona?"

"Hata kama hakuna aliyeona."

Nyumbani nilikuwa natarajia mama alie, au anilaumu kwamba sikumsikiliza. Aliuliza tu kadi yangu ya kliniki iko wapi, akaifuta vumbi, akaiweka juu ya meza pale ninapoweka funguo.

Alhamisi yule mama wa nyuki alirudi. Jicho lilikuwa limefunguka, uso umebaki na rangi ya njano upande mmoja. Nilimwambia mwenyewe, mbele ya Mzee. Alinisikiliza mikono kiunoni.

"Sekunde ngapi?"

"Labda kumi."

"Sekunde kumi zako, siku nne za uso wangu," alisema, akajaribu kucheka, mdomo ukamuuma. "Dawa unakunywa?"

"Nakunywa."

"Unakunywa, au unasema unakunywa? Mimi nina dada yangu wa presha, nazijua hizo."

"Nakunywa, mama."

"Haya." Akachomoa nakala moja katika boksi, akafungua ukurasa wa ishirini na tatu, akanipa. "Nisomee. Nataka kukisikia chote kwa sauti yako."

Nikasoma toka *washa* hadi *taratibu*, na katikati nikasoma kipande kilichobandikwa kombo kidogo. Alifuata kwa kidole hadi mwisho, akafunga boksi, akaondoka nalo kichwani.

*

Mzee alimaliza miezi yake kitini. Tulisoma kitabu cha jiografia, mwongozo wa mafundi bomba, na ripoti moja ndefu ambayo hata mwandishi wake nadhani hakuisoma. Mimi nilisoma, yeye akafuata, macho yake yakiwasha mchana tukapumzika. Daktari alibadilisha dozi. Siku zikaanza kujipanga moja baada ya nyingine, nyeupe, na nilishangaa jinsi zilivyokuwa nyepesi. Sikuwa tena naushika mstari kama mtu anayeshikilia ukingo wa paa.

Alipoondoka tulikuwa tumefika siku ya sabini na saba. Alitupa sote mkono wa kwaheri, mmoja mmoja. Aliponifikia mimi alisema, "Endelea kusoma, mkato," akashindwa kumalizia, akatoka. Kasi akahamia kiti chake kujifunza kufuata.

Siku ya themanini na nne ilikuwa Jumanne. Kasi alikuwa ametoka kuchemsha maji ya chai. Nilikuwa peke yangu, napanga kurasa za kitabu cha hesabu kwa mfuatano, na chumba cha pili mashine ilikuwa inanguruma ule mngurumo wake ambao baada ya muda husikii tena. Niliinua ukurasa wa sitini.

Kisha mashine ilikuwa kimya. Ukurasa ulikuwa bado hewani mkononi mwangu. Nyuma ya ukuta fundi alikuwa anamalizia kisa na wenzake wameshaanza kucheka, na mimi sikuwa nimesikia mashine ikizimwa.

Niliweka ukurasa mezani. Nikatazama saa: saa nne na dakika ishirini. Mlango ulikuwa umefungwa. Uani hapakuwa na mtu.

Labda nilikuwa nimezama tu katika mawazo. Watu wanazama, hakuna anayewaandika. Labda mashine ilizimwa polepole. Zilikuwa zimebaki siku sita. Barua ilikuwa tayari. Wiki iliyopita Meneja alinionyesha, imechapwa vizuri, imebakiza saini tu. Mama alikuwa ameshaanza kuwaambia wateja wake, huku anawapima mabega, kwamba binti yake anathibitishwa mwezi huu. Na kile kiti cha pili, cha kufuata, nilikuwa nakitamani kama mtu anavyotamani kurudi nyumbani kwao.

Nilikaa. Sijui nilikaa dakika ngapi, lakini zile zote nilikuwepo.

Nikafungua droo, nikatoa karatasi. Haikuwa na kitu isipokuwa jina langu. Nikaandika tarehe, nikaandika saa. Mwandiko ulitoka mbaya.

Kasi aliingia na vikombe viwili, akausukuma mlango kwa kiuno. Aliiona karatasi, akasimama.

"Lini?"

"Sasa hivi. Ulipokuwa jikoni."

"Kuna aliyekuona?"

"Hakuna."

Alifungua mdomo, nadhani alitaka kuniambia jambo ambalo nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe. Akaufunga. Akaweka vikombe mezani, akavuta kiti chake.

"Ulikuwa umefika wapi?" aliuliza.

"Ukurasa wa sitini."

Akauchukua, akaushika mkononi mwake. "Haya nenda. Nitaushika mpaka urudi."

Nikapanda ngazi na karatasi yangu, nikabisha mlango wa Meneja.